Kupanga Mlo wa Asili kwa Kipato Ulichonacho Jijini Dar es Salaam

Kabla ya kupanga chakula, tazama kwanza jinsi fedha inavyoingia nyumbani, kwa kuwa kaya inayolipwa kwa siku na ile inayolipwa kwa mwezi hazinunui kwa namna moja hata kama jumla ya vipato vyao inalingana. Anayeishi kwa kibarua hununua unga nusu kilo na mafuta ya kupima katika duka la mtaani, na kwa kawaida kila kilo humgharimu zaidi kuliko anayenunua kwa jumla. Punguza hasara hiyo kwa kuchanga na majirani wawili watatu, mkanunua maharage, choroko na dagaa wakavu Kariakoo au Tandale, kisha mkagawana.

Gharama inayosahaulika ni ya nishati. Maharage ni nafuu kuliko nyama, lakini yakiinjikwa makavu hula mkaa mwingi, na hapo ndipo chipsi za kibandani huonekana rahisi. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa maji mapya. Mwenye jokofu apike ya siku mbili kwa pamoja. Asiye nalo asijaribu, maana joto la jiji hili huyachachusha, na badala yake apendelee choroko, ambazo huiva upesi zaidi.

Mboga za majani hazihitaji kipato kikubwa. Matembele huota hata kwenye kiroba cha udongo uani. Mchicha upikwe kwa muda mfupi, na ndimu ikamuliwe mezani, kwa sababu vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika mboga na mikunde. Chai isubiri, kwani huzuia ufyonzaji huo. Kisamvu, kinyume chake, lazima kitwangwe na kuchemshwa sana ili sumu yake ya asili ipungue.

Ugali uwe wa dona, unaobaki na pumba na kiini cha mahindi. Kwa kuwa mafuta ya kiini hufanya unga huo uharibike mapema, saga kidogo kidogo, na mahindi yenye ukungu yatupwe kwa kuhofia sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu huo.

Kipato kikiongezeka, jihadhari: mara nyingi dona na dagaa ndivyo huachwa kwanza, huku soda ikiingia mezani kama dalili ya kufanikiwa. Ni afadhali nyongeza hiyo iende kwenye mayai, matunda ya msimu na samaki wabichi wa soko la Feri, na dagaa waendelee kuliwa wazima pamoja na mifupa yao, ambayo ina kalsiamu.