Kabla Hujanunua Mashine ya Kukatia Majani ya Ng'ombe

Anza kwa kuhesabu ng'ombe ulio nao. Ng'ombe wa maziwa wa kilo 400 anahitaji chakula kikavu cha karibu asilimia 3 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 12. Majani ya tembo mabichi yana maji mengi: kilo 100 zikikauka zinabaki kama 20. Kwa hiyo ng'ombe mmoja anataka kilo 60 za majani mabichi, na wanne wanataka 240. Mashine ya kilo 400 kwa saa inamaliza kazi hiyo kabla dakika 40 hazijaisha. Ya tani mbili kwa saa utailipia bure, hata muuzaji aisifie namna gani. Kumbuka tu kwamba kiwango wanachokutajia dukani kwa kawaida ni cha majani laini. Kwa mabua makavu ya mahindi kitashuka.

Kisha angalia umeme. Mota ya hospawa 3 ni sawa na kilowati 2.2, na umeme wa njia moja wa nyumbani unaitosha. Mota kubwa, kama za hospawa 7.5, nyingi hutaka njia tatu, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Pima pia umbali kutoka kwenye mita hadi bandani. Waya mwembamba ukivutwa mbali, umeme hufika umepungua, mota inanguruma bila kushika mwendo na mwishowe inaungua. Mwachie fundi achague unene wa waya, lakini swichi mwambie aiweke karibu na anayelisha mashine. Kama huna umeme, injini ya petroli ya hospawa 6.5 inatosha. Injini mpya nyingi husafirishwa zikiwa hazina oili, hivyo chomoa kijiti cha kupimia oili uangalie kabla ya kuvuta kamba ya kuwashia. Oili ya kwanza imwage baada ya saa kama 20 za kazi, maana inabeba vumbi la chuma la injini mpya.

Mdomo wa mashine, pale majani yanapoingilia, ndio ninaokusihi uukague kwa muda mrefu kuliko unaotumia kupatana bei. Mashine ikiwa imezimwa na plagi imechomolewa, nyoosha mkono wako wote ndani. Vidole vikigusa rola, iache hapo hapo dukani. Rola huvuta majani kwa kasi ambayo mtu hawezi kuishinda, na kiganja kilichoshika fungu la majani huenda nalo. Wanaokata majani jioni mara nyingi ni vijana waliotoka shule, au mama aliyejifunga khanga begani. Khanga ivuliwe, mikono ya shati ikunjwe, na glavu pana zisivaliwe kabisa. Vipande vifupi vya mwisho visukumwe kwa bua refu, kamwe si kwa mkono. Jaribu pia mpini wa kurudisha rola nyuma: mtu aliyenaswa mkono wa kulia aweze kuufikia kwa wa kushoto.

Fikiria pia utakata nini. Kilimanjaro, ambako mgomba ni chakula cha ng'ombe kila siku, nyuzi zake hujiviringisha kwenye shafti, zikaingia kando ya beringi na kung'oa girisi. Ukimaliza kukata mgomba, zima, subiri gurudumu linalobeba visu lisimame kabisa, kisha zitoe nyuzi kwa kisu kidogo. Mabua yanayopandishwa kutoka tambarare huja yamefungwa. Fungua kila mzigo uondoe waya na mawe. Matawi ya lukina au mgrivea yaliyozidi unene wa kidole yapukutishe majani tu. Mashine hii haikuundwa kukata miti, na kisu kikipasuka ndani ya kava lake jembamba ni hatari kwa aliyesimama mbele yake.

Visu ndivyo vitakavyokusumbua zaidi. Majani yakianza kutoka yamechanika na kulowa badala ya kukatika safi, vimeisha makali. Vinoe vyote siku moja na kwa kiasi sawa, maana kimoja kikiwa chepesi gurudumu zima litatikisika na kulegeza bolti. Ukitumia grenda, gusa na kuachia. Ncha ikigeuka buluu chuma kimepoteza ugumu wake. Ukivirudisha, acha upenyo mdogo sana kati ya visu hivyo na kisu kisichozunguka, kisha zungusha gurudumu kwa mkono usikilize kama vinagusana. Mkanda uubonyeze kwa dole gumba katikati: ukilala zaidi ya sentimita moja na nusu, ukaze.

Kabla pesa haijatoka mfukoni, muulize muuzaji namba ya mkanda, ukubwa wa beringi na bei ya seti nyingine ya visu. Akisema viagizwe kutoka mbali, nenda duka jingine.