Namna ya kumfundisha anatomia (viungo vya mwili) na fiziolojia (jinsi vinavyofanya kazi) mtu mzima aliyerudi shule

Nafundisha chuo cha uuguzi hapa Tanzania. Kila mwaka napokea wauguzi wa cheti waliokaa wodini miaka 10, hata 15, wakarudi kusomea diploma. Wengi wananizidi umri. Fiziolojia wanayo tayari mikononi. Kinachowashinda ni majina na uoga.

Hatua ya 1: Linda heshima yake. Aliyenizidi umri namwamkia shikamoo hata darasani, wala simsimamishi kwa swali la ghafla mbele ya vijana waliomaliza kidato cha nne juzi. Akiaibika siku ya kwanza, hatauliza tena.

Hatua ya 2: Anzia kwenye kazi anayoijua. Somo la presha nalianza kwa mashine, siyo kitabu. Anampima mwenzake, anapata 130/80. Namuuliza, "Dada, hii 80 ni ya nini?" Ameiandika kwenye mafaili miaka yote, lakini hapo husita. Basi namweleza: 130 ni msukumo wa damu kwenye kuta za ateri (mishipa inayotoa damu moyoni) moyo unapojikaza, 80 ni ule unaobaki moyo unapolegea. Sasa ndipo nataja sistoli na diastoli.

Hatua ya 3: Nunua moyo wa ng'ombe buchani. Agiza mapema, mwombe muuzaji asiukatekate na aiache mishipa mikubwa ya juu. Upasue kwa urefu, pande zote mbili zionekane. Mwache abane kuta kwa vidole: chumba cha chini cha kushoto kina ukuta mnene karibu mara tatu ya wa kulia. Usimpe sababu. Muulize kila chumba kinapeleka damu wapi, naye atafika mwenyewe: kulia ni mapafuni hapo jirani, kushoto ni mwili mzima hadi nyayoni. Kisha mwonyeshe nyuzi nyeupe zilizoshika vali (milango ya moyo), azivute. Mama mmoja alizivuta mara mbili tatu, akaniambia, "Mwalimu, kumbe hizi ndizo zinazozuia mlango usipinduke."

Hatua ya 4: Majina yavunjevunje. Nefro ni figo, hepato ni ini, aitisi ni kiungo kuvimba na kuwaka. Maneno 5 kwa siku yanatosha.

Hatua ya 5: Fuata ratiba yake. Mwenye zamu na watoto namtumia sauti ya dakika 5 kwa WhatsApp, aisikilize kwenye daladala. Ijumaa nampa mchoro wa figo usio na majina, aujaze bila kutazama daftari. Alipokosea ndipo tunapoanzia Jumatatu.