Namna ya Kuandaa Jioni ya Muziki wa Utulivu Nyumbani Kwako

Nimefundisha kwaya hapa Moshi miaka mingi, na kosa nililolisahihisha kuliko yote ni waimbaji kuruka pumziko, yaani kimya kilichopangwa ndani ya wimbo. Kwenye sol-fa, yaani muziki unaoandikwa kwa herufi za do, re, mi, pumziko halina herufi. Ni nafasi tupu tu kati ya alama mbili, na jicho hulipita kana kwamba halipo. Ndiyo maana nilianza kuwaita watu sebuleni kwangu Rau, ishirini na watano hivi, wasikilize fidla, selo (ndugu mkubwa wa fidla, mwenye sauti nzito) na piano zikipigwa taratibu, kimya nacho kikipewa muda wake wote. Ukitaka kuandaa jioni ya namna hiyo, anza na siku na saa. Wapigaji wafuate.

Jumamosi usijaribu: kuna harusi, sendofu na kipaimara. Jumatano kuna ibada za katikati ya wiki na spika zake. Mimi huchukua Jumanne. Machi hadi Mei uache kabisa, maana masika ikipiga juu ya bati hata mazungumzo hayasikiki.

Waalike watu saa 12 na nusu jioni, lakini usianze. Adhana ya Magharibi ipite, watu watulie, uanze kama saa 1 kasorobo na umalize kabla ya Isha. Muziki wa dakika 45 unatosha. Kusubiri huko kuna faida nyingine: bati. Limeshinda juani, jua likizama linasinyaa, na linalia tak... tak... Mchana hulisikii. Fidla ikishuka hadi kwenye mnong'ono, kila tak ni kama mtu anabisha hodi. Liache lipoe.

Wiki moja kabla, pita kwa majirani kwa miguu yako, usitume ujumbe. Mwaka wa kwanza sikupita, na mashine ya kusaga ya jirani ikaunguruma katikati ya selo. Safari iliyofuata nilimwendea.

"Shikamoo mzee. Jumanne naomba uzime mashine saa moja tu."

"Marahaba mwalimu. Kuna msiba?"

"Hapana mzee, kuna muziki. Wa polepole sana."

Alifunga mapema, akaja mwenyewe na mkewe, wakakaa karibu na mlango.

Chumba kikaguliwe usiku, taa zimezimwa, wewe peke yako umesimama katikati. Utashangaa. Friji inanguruma, kwa hiyo chomoa. Saa ya ukutani toa betri. Viti vya plastiki vinakwaruza sakafu ya vigae. Mimi hufunga vipande vya kanga kuukuu kwenye miguu yake, na wengine huwapa mikeka. Kisha piga kofi moja. Likirudi na mwangwi mkali, tundika blanketi kwenye ukuta wa nyuma ya wasikilizaji, ule wa nyuma ya wapigaji uuache wazi. Mbwa wapewe chakula saa 12. Simu zizimwe kabisa, kwa sababu mtetemo juu ya benchi la mbao unasikika kuliko mlio. Julai kuna baridi na watu wanakohoa: wape chai ya tangawizi wanapoingia, na pipi uzitoe kwenye makaratasi kabla.

Kwa muziki wenyewe nashauri uanze na Spiegel im Spiegel ya Arvo Pärt wa Estonia, aliyoiandika 1978 kwa fidla na piano. Piano inapanda noti tatu tatu bila haraka, fidla inatembea ngazi kwa ngazi na kurudi. Mwanakwaya yeyote ataifuata. Mpigaji wako anaweza kuiona rahisi mno. Mwambie ugumu wake ni kushikilia upinde, ule ufito wa kupigia fidla, usitetemeke. Katikati weka zeze au marimba ya mkono, peke yake, ili masikio yarudi nyumbani. Mwishoni mimi huweka 4'33" (dakika nne na sekunde 33) ya John Cage, Mmarekani, iliyosikika hadharani mara ya kwanza 1952: sehemu tatu, na mpigaji hapigi noti hata moja. Usiitangaze kama kichekesho. Waambie tu, "Sasa tusikilize kilichopo." Kwangu vilikuwepo nyenje, bodaboda ikishuka mbali, na mtoto aliyelala akivuta pumzi.

Makofi ndiyo kazi kubwa. Sisi huku tumezoea kushangilia noti ya mwisho ikiwa bado hewani. Waeleze mwanzoni, kwa upole: mpaka upinde ushuke hadi gotini, wimbo haujaisha. Mpigaji naye ahesabu pumzi tatu kabla ya kuushusha.

Kahawa uiweke kwenye chupa mapema, na vikombe juu ya kitambaa kinene, chumba cha pili, mlango umefungwa.