Kuiona BCR-ABL kwa westani bloti ukiwa Tanga: usianze kuilaumu antibodi

Wadau wa maabara, westani bloti ni kutenganisha protini kwenye jeli kwa ukubwa, kuzihamishia kwenye membreni, halafu kuitafuta unayoitaka kwa antibodi inayoishika. Wengi mkikosa mstari kwenye membreni mnasema antibodi imeungua njiani kati ya Dar na Tanga, mnaagiza nyingine, hela inakwenda, na hiyo mpya nayo haitoi kitu. Mara nyingi antibodi ni nzima kabisa. Shida ni BCR-ABL yenyewe, protini kubwa ya kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 210 halafu inachakaa upesi, sasa kama imekatikakatika kabla haijafika kwenye membreni hiyo antibodi itashika nini?

Kwa wageni kidogo tu: kromosomu ya 9 na ya 22 zinabadilishana vipande, ndo ile kromosomu ya Philadelphia iliyoonekana 1960, na protini inayotoka hapo ndo inayoendesha CML, aina ya leukemia (saratani ya damu). Dawa ya imatinibu inaizuia hiyohiyo. Ninachoeleza hapa ni cha utafiti jamani, mgonjwa anapimwa kwa PCR (kipimo cha jeni), usije ukampa mtu majibu kwa bloti yako.

Kwanza antibodi. Mi napenda ya c-Abl (protini ya kawaida ambayo BCR-ABL imebeba kipande chake), inayoshika upande wa mkiani, kwa sababu inaona vitu viwili, BCR-ABL kule juu 210 na c-Abl ya kawaida karibu 140, kwa hiyo ile ya 140 inakuwa shahidi wako. Ikifika soma karatasi yake: yenye gliseroli nusu kwa nusu haigandi kwenye -20 wala haihitaji kugawanywa, isiyo na gliseroli igawe kwenye vichupa vidogovidogo. Iweke nyuma kabisa ya friza, sio mlangoni, umeme wetu mnaujua.

Kontroli, yaani seli unazojua majibu yake, usiruke. K562 ni seli za mama wa miaka 53 aliyekuwa na CML, zilitangazwa 1975, zinayo BCR-ABL ya kutosha. Seli za Jurkat hazina, zina c-Abl tu.

Hatua ya kuvunja seli ndo watu wanapofia. Damu ya CML ina chembe nyeupe zilizokomaa zimejaa vimeng'enya vya kukata protini, ukizivunja kwa ile bafa ya upole unavifungulia mlango, dakika chache tu 210 haipo. Fanya hivi: osha seli na PBS (maji ya chumvi) ya baridi (barafu kama mashine ya maabara imegoma kanunue kwa wauza samaki Deep Sea, ila funga vichupa kwenye mfuko, barafu ile chafu), mwaga maji yote, halafu mimina bafa ya Laemmli yenye SDS (sabuni kali inayozima vimeng'enya) ikiwa ya moto tayari, nyuzi 95, mikrolita 100 kwa seli milioni 1, uchemshe dakika 5 hadi 10. Itavutika kama mlenda, usishtuke, ni DNA hiyo, ipitishe kwenye sindano nyembamba ya geji 25 mara kadhaa mpaka idondoke matone yenyewe. Kupima protini kwenye bafa hii kunasumbua, kwa hiyo hesabu seli mapema na upakie mikrolita 20 kila kisima.

Jeli iwe ya 6%, sio ile ya 12% iliyobaki kwenye friji. Vaa glavu, akrilamaidi ikiwa bado maji ni sumu ya neva. Iendeshe taratibu kwenye volti 100, na usijali protini ndogo zikitokea chini zikapotea.

Kuhamisha sasa. Vitabu vinasema volti 30 usiku kucha kwenye baridi, na ni kweli inafanya kazi, ila huku umeme ukikatika saa nane usiku mashine inazima na ukirudi haijiwashi yenyewe, asubuhi unakuta jeli imekaa tu. Mi nahamisha mchana, tangi la maji, volti 100 kwa masaa 2, pakiti ya barafu ndani. PVDF (ndo membreni yenyewe) iloweshe kwenye methanoli kwanza, na kwenye bafa ya kuhamishia punguza methanoli iwe 10% uongeze SDS kidogo, 0.05%, ili kubwa zitoke. Halafu paka Ponceau S (rangi ya kuonyesha protini), wekundu ukionekana mpaka kule juu endelea, usipoonekana usipoteze antibodi yako.

Zilizobaki ni za kawaida: maziwa 5% kwenye TBST (bafa ya chumvi yenye sabuni kidogo) saa moja, antibodi ya kwanza 1:1000 usiku kucha kwenye friji, osha mara tatu dakika 10, ya pili (inayoshika ya kwanza) yenye kimeng'enya cha HRP 1:5000 saa moja, osha tena, ECL (kemikali inayowaka ikikutana na HRP). Usiweke azidi popote penye HRP, inaiua. Na kama antibodi yako ni ya kushika fosfati tumia BSA (albumini ya ng'ombe), maziwa yana kaseini yenye fosfati zake.

Kusoma: K562 mistari miwili, Jurkat mmoja. K562 ikitoa 140 peke yake rudi kwenye kuhamisha na kuvunja seli. Pakiwa patupu kote dondosha tone la antibodi ya kwanza kwenye kipande cha membreni kilichoshaloweshwa methanoli, kifunike na maziwa, weka ya pili na ECL. Kisipowaka tatizo ni ya pili au ECL. Kikiwaka, dondosha mikrolita 2 za K562 kwenye kipande kingine upige antibodi zote mbili. Hicho kisipowaka, na Ponceau ilikuwa nzuri, hapo ndo umpigie muuzaji.