Kuwapelekea wazee chakula wakati wa maradhi ya kuambukiza: tulivyofanya mtaani Mombasa

Kosa letu la kwanza lilikuwa maharagwe. Ilikuwa Aprili 2020, korona imeingia, kafyu ishaanza, wazee washaambiwa wasitoke, sie vijana wa mtaa tukachanga tukanunua gunia la maharagwe tukapima kilo mbili mbili tukagawa nyumba kwa nyumba, tukajiona twafanya kazi kweli. Siku ya tatu bibi mmoja wa Majengo akanipigia simu: "Mwanangu, Mungu awalipe, lakini haya maharagwe yanakula mafuta ya taa kuliko ninavyoyala mie." Kumbe yuko peke yake na stovu yake moja, na maharagwe makavu yataka masaa mawili na zaidi motoni. Tukambadilishia pojo (choroko). Kwa hivo ukitaka kuanza kitu kama hiki mtaani kwako, korona irudi au uje ugonjwa mwengine, anza na mtu, duka litafuata.

Hatua ya 1: Tengeneza orodha

Mzee wa mtaa atakupa majina, imamu atakupa, mchungaji atakupa, na wale wahudumu wa afya ya jamii wanaopita majumbani wajua nani ana presha nani haoni vizuri. Lakini wote hao usiwategemee peke yao manake kila mmoja ana watu wake. Mtu anayejua kweli ni mwenye duka. Muulize tu kistaarabu, ni mzee gani alikuwa akija kila siku kununua robo ya sukari na siku hizi haonekani, au daftari la deni limejaa akaona haya kurudi. Nusu ya majina yetu mazuri yalitoka kwa mwenye duka.

Na usimfute mtu eti kwa sababu yuko Inua Jamii, ule mpango wa serikali wa pesa za wazee. Ile ni shilingi 2000 kwa mwezi kwa waliofika miaka 70, na mzee mwenye wajukuu wanne ndani hiyo haimfikishi popote.

Hatua ya 2: Piga simu kabla ya kununua chochote

Wazee wengi wana kabambe, zile simu ndogo za vibonyezo, hawana WhatsApp, kwa hivo piga simu, usitume ujumbe. Piga baada ya alasiri, asubuhi wako na shughuli zao. Msalimie vizuri, shikamoo na hali na watoto, ndo uingie kwa maswali:

- Wapikia nini, gesi, makaa au mafuta ya taa?
- Mko wangapi mnaokula? (Uliza hivi hivi. Ukiuliza "waishi na nani" atakwambia yuko peke yake na wajukuu watano wako hapo hapo wanakula chungu kimoja.)
- Meno yako aje, na kuna kitu daktari amekukataza?
- Maji yapatikana, au wanunua mtungi?
- Dawa zimebaki za siku ngapi?

Swali la dawa usiliruke. Tulikuwa na babu anakula vizuri kabisa lakini vidonge vya presha vimekwisha wiki mbili, aogopa kwenda kliniki. Dawa usinunue kwa kukisia jina, chukua kadi yake ya kliniki au ile paketi tupu uende nayo.

Ukimuuliza mzee wa kwetu "wahitaji msaada?" atakwambia "alhamdulilahi sie tuko sawa." Usiulize hivo. Mwambie "bibi, Jumamosi naenda sokoni, nikuletee nini?" Hapo atasema.

Hatua ya 3: Pesa

Mmoja ashike pesa, mwengine aandike, na hao wawili wasiwe mtu na nduguye. Kila Ijumaa piga picha ukurasa wa daftari tupa kwenye grupu, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Wakati ule ilitusaidia sana kwamba kutuma chini ya shilingi 1000 kwa M-Pesa kulikuwa bure, kuanzia Machi 2020 mpaka mwisho wa mwaka, mtu akituma mia mbili yafika mia mbili.

Ramadhani ikiingia fitra, ile zaka ya chakula ya Waislamu kabla ya Idi, itakuja pia, kawaida pishi moja kwa kila kichwa, kama kilo 2 na nusu hivi. Hiyo ina wenyewe na ina wakati wake, iandike mbali, usiichanganye na mchango wa jumla ambao wampa Muislamu na Mkristo sawa.

Hatua ya 4: Kununua na kufunga

Vikavu nunua duka la jumla, mboga na viazi amka mapema uende soko la Kongowea. Fungu letu la mtu mmoja kwa wiki mbili lilikuwa mchele kilo 3, unga wa sima kilo 2, pojo kilo 1, mafuta nusu lita, majani ya chai, sukari, chumvi, sabuni ya kipande, vitunguu, nazi mbili na ndimu. Mwenye kisukari tulimtoa sukari tukamwekea mayai. Asiye na meno mwongezee mchele na unga wa uji. Msifunge mafungu ya sawa kwa kila mtu, yapendeza kwa macho lakini jikoni hayasaidii.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 kwa hivo tulitumia vikapu vya ukili. Faida yake tuliiona baadaye, ukipita na kikapu mtaani hakuna anayejua ni msaada, yaonekana ni mjukuu ametoka sokoni.

Hatua ya 5: Kupeleka

Hapa ndo penye kazi. Mwenye kikohozi, homa, au mgonjwa kwao nyumbani, siku hiyo hatoki, hata kama ndo mwenye tuktuk. Vaa barakoa ifunike pua. Piga hodi, weka kikapu barazani, rudi nyuma kama mita mbili, ongea ukiwa nje. Mwanzoni tulikuwa twafuta kila paketi kwa sanitaiza, ikawa kazi ya masaa, baadaye ikajulikana kwamba korona yapita zaidi kwa hewa, watu wakiwa karibu karibu ndani ya chumba. Kwa hivo osha mikono kwa sabuni, lakini kubwa ni kutoingia ndani. Na watakukaribisha! Kumkatalia mzee chai ni mtihani. Mwambie "bibi, nimekuwekea deni, hii ikiisha naja kunywa."

Mji wa Kale zile ghorofa za ngazi nyembamba, usipande. Mama ateremsha kikapu kwa kamba kutoka dirishani, watia vitu, avuta. Wauza mboga washafanyiwa hivo siku zote.

Halafu Mei 6 Mji wa Kale ukafungwa, hakuna kuingia wala kutoka, karibu mwezi mzima mpaka Juni 6, na ndani yake Ramadhani. Kilichotuokoa ni kwamba tulikuwa na vijana wanaoishi mle mle. Twatuma pesa kwa simu kwa duka la ndani, wao wachukua wapeleka. Fikiria hilo mapema, kila mtaa uwe na watu wake. Likoni vilevile, usivushe mizigo kwa feri kwenye ule msongamano wa watu, tafuta timu ya ng'ambo inunue huko huko.

Kafyu yenyewe ilikuwa saa moja usiku, na magharibi yaingia saa kumi na mbili na robo hivi, kwa hivo kabla ya saa kumi jioni uwe ushamaliza nyumba ya mwisho.

Picha, usipige. Mfadhili akidai picha mpe picha ya vikapu vimepangwa kabla havijatoka. Kuna mtu alitaka kumpa mchele bibi yetu mmoja mbele ya kamera, bibi akafunga mlango, na mie nilimpa haki yake.

Tahadhari moja, wezi nao walijua wazee wangojea msaada. Kila mzee tulikubaliana naye neno, anayekuja bila hilo neno asifunguliwe, na tukawaambia wazi kwamba sisi hatuwezi kuuliza namba ya siri ya M-Pesa hata siku moja.

Hatua ya 6: Piga tena kesho yake

Dakika mbili tu, kilifika, kuna kilichokosewa? Kijana mmoja asishike zaidi ya wazee watano, wakizidi simu hazipigwi.

Vikapu hukusanywa safari ya pili, na vingine havirudi vitupu. Utakuta ndimu, mahamri ndani ya kitambaa. Usirudishe, chukua. Yule bibi wa maharagwe alikuwa akitutilia kichupa cha achari ya embe, na tukawa twagombania nani aende kwake.