Namna ya kusoma habari za mrengo wa kushoto wa Marekani bila kuwachanganya na waliberali

Mwaka 2016 nilikuwa nikitafsiri taarifa za kimataifa za redio, na kila mliberali wa Marekani nilimwita "mtu wa mrengo wa kushoto". Kosa hilo liliwapotosha wasikilizaji wangu kwa miezi, kwa hiyo wewe anza kwa kutenganisha majina hayo mawili. Mliberali anataka ubepari uliowekewa mipaka: sheria kwa mabenki, haki za kiraia, ruzuku ya bima ya afya. Wa mrengo wa kushoto anataka bima moja ya serikali kwa kila mtu na vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu, na mara nyingi hujiita msoshalisti. Wanakutana ndani ya chama cha Democratic kwa kuwa mfumo wa uchaguzi wa nchi hiyo haukipi chama cha tatu pumzi. Bernie Sanders ni seneta huru wa Vermont, lakini alipoutaka urais mwaka 2016 na 2020 aliingia kwenye mchujo wa Democratic, yaani kura za kumpata mgombea wa chama.

Ukishawatenganisha, angalia hesabu. Hapa usiwe na haraka, maana mimi ndipo nilipojikwaa. Februari 2016 Sanders alimshinda Hillary Clinton huko New Hampshire kwa asilimia 60 ya kura, akapata wajumbe 15 dhidi ya 9; wajumbe ndio wanaomteua mgombea kwenye mkutano mkuu wa chama. Lakini jedwali nililoletewa liliongeza wajumbe wakuu, yaani wabunge, magavana na vigogo wa chama ambao hawakuchaguliwa kwa kura za mchujo na walikuwa huru kumuunga mkono wamtakaye. Pengo likazibika. Nikasoma hewani kwamba wako sawa. Msikilizaji mmoja akapiga simu: "Kaka, mzee kashinda kwa mbali, wamelinganaje tena?" Sikuwa na jibu.

Jibu nililipata Juni 6 mwaka huohuo. Shirika la habari la Associated Press lilitangaza kuwa Clinton amefikisha wajumbe 2,383 wanaohitajika, baada ya kuwauliza wajumbe wakuu wanamuunga mkono nani. California ilikuwa inapiga kura kesho yake! Clinton aliongoza pia kwa kura za wananchi, hilo liandike bila kusita, lakini elewa kwa nini wafuasi wa Sanders walihisi mlango umefungwa wakiwa bado foleni. Mwezi uliofuata barua pepe za makao makuu ya chama zilivuja na mwenyekiti wake, Debbie Wasserman Schultz, akatangaza kujiuzulu. Mwaka 2018 chama kikawaondolea wajumbe wakuu kura ya duru ya kwanza kwenye mkutano mkuu, isipokuwa pale ambapo mshindi ameshajulikana. Kwa hiyo kila uonapo jumla ya wajumbe, uliza wangapi wametokana na kura.

Tenganisha pia tahariri na taarifa ya mwandishi. Aprili 1967, Martin Luther King alipoilaani vita ya Vietnam, tahariri za New York Times na Washington Post zilimshambulia, ingawa zilikuwa za kiliberali. Manung'uniko ya mrengo wa kushoto dhidi ya magazeti hayo yana mizizi mirefu kuliko Sanders. Hata hivyo, tahariri ni maoni ya bodi. Ripota wa gazeti hilohilo huenda ameandika jambo la kweli kurasa chache mbele. Soma vyote viwili.

Chujio hilohilo litumie kwa vyombo vya habari vya mrengo wa kushoto wenyewe, kama Jacobin, The Nation na Democracy Now!. Mwaka 2020 wengi wa mrengo huo waliita ushindi wa Joe Biden dhidi ya Sanders kwenye mchujo njama, kwa sababu wagombea wenzao Pete Buttigieg na Amy Klobuchar walijitoa na kumuunga mkono Biden kabla tu ya Jumanne Kuu, Machi 3, siku ambayo majimbo mengi hupiga kura za mchujo kwa pamoja. Mimi sikubali. Wagombea kuungana ni siasa ya kawaida, na wapiga kura Weusi wa South Carolina walikuwa wameshampa Biden ushindi mkubwa Februari 29. Kuiita njama ni kuwafuta watu hao, na hilo linaniudhi.

Mwisho, weka daftari la tarehe mbili kwa kila mgombea: siku wapiga kura walipomteua na siku viongozi wa chama walipomuunga mkono. Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, alishinda mchujo wa umeya wa New York Juni 24, 2025. Hakeem Jeffries, kiongozi wa Democratic katika Baraza la Wawakilishi na mkazi wa jiji hilohilo, alimuunga mkono Oktoba 24, siku moja kabla ya kura za mapema kuanza. Mamdani alichaguliwa meya Novemba 4. Kwa Chuck Schumer, kiongozi wa chama katika Seneti, nafasi ya tarehe ya pili kwenye daftari langu ilibaki tupu.