Kubadili redio ya zamani kwenye ndege: hatua ninazofuata Tanga

Vijana ninaowafundisha kazi hupenda kuniuliza habari za ndege za amri za jeshi la Marekani: E-4B, ambayo ni Boeing 747-200 iliyogeuzwa kuwa makao ya amri angani, na E-6B, iliyotokana na Boeing 707. Wanataka kujua redio zake hubadilishwaje bila ndege kunyamaza. Kazi yangu mimi ni ndege ndogo zinazotua uwanja wa Tanga zikitoka Pemba na Unguja. Hata hivyo, wimbi la redio halibagui ndege ya jenerali na ndege ya abiria wanane. Nitaeleza ninavyofanya huku nikiwatolea mifano ya hizo kubwa.

Hatua ya 1: Jua nani ataongea na nani

Usifungue bisibisi kabla ya kukaa na rubani. Muulize anaruka wapi, juu kiasi gani, na nani lazima amsikie. E-6B huburuta nyuma yake waya wa antena wenye urefu unaokaribia kilomita 8. Sababu ni kwamba ina kazi ya kupeleka amri kwa nyambizi zilizo chini ya maji, na mawimbi yanayopenya maji ya bahari ni yale ya masafa ya chini sana, kilohezi 3 hadi 30. Wimbi moja la aina hiyo lina urefu wa kilomita 10 au zaidi. Hapo kazi ndiyo iliyochagua antena.

Kwetu huku mazungumzo mengi hupita kati ya megahezi 118 na 137, na 121.5 ni ya dharura. Mawimbi haya husafiri kwa mstari ulionyooka. Ukiwa futi 1,000 unafika kama maili 39 za baharini. Ukiwa futi 10,000, kama maili 123. Rubani aliye chini upande wa Mkomazi, milima ya Usambara ikiwa katikati, hasikiki Tanga hata umfungie redio ya bei gani. Huyo anahitaji redio ya masafa marefu au simu ya setilaiti. Mwambie mapema, kabla hajatoa pesa.

Hatua ya 2: Karatasi

Redio iwe imeidhinishwa kwa ndege ya aina hiyo, mhandisi mwenye leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga asaini kazi, na leseni ya masafa ya Mamlaka ya Mawasiliano iwepo. Bila hayo usianze.

Hatua ya 3: Pima ya zamani

Andika volti za betri injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inanguruma. Injini ikinguruma, ndege ya volti 12 inatakiwa kusoma karibu 14, ya 24 karibu 28. Jumlisha ampea za vyombo vyote, kisha linganisha na uwezo wa altaneta. Pima pia nguvu inayorudi kutoka kwenye antena kwenye 118, 127 na 136. Namba hizi ndizo zitakazokuonyesha baadaye kama umeboresha au umeharibu.

Hatua ya 4: Antena na ethi (muunganiko wa umeme na bati la ndege)

Hapa ndipo utumie sehemu kubwa ya siku yako. Tajiri mmoja alibadili redio mara mbili kwa gharama kubwa, na bado sauti yake ilikuwa inakatika. Nilipofungua antena nikakuta chini yake unga mweupe: alumini iliyoliwa na chumvi. Ndege ikilala nje Tanga miezi ya kusi, upepo wa bahari huingiza unyevu wa chumvi kila penye upenyo. Antena ya ndege hutegemea bati la ndege kama nusu yake ya pili, kwa hiyo bati na kitako cha antena visipogusana vizuri, nguvu hairuki. Iliniuma sana kuona pesa ile imepotea kwa jambo la msasa na saa mbili za kazi.

Fungua antena, safisha mpaka alumini ing'ae, paka kemikali ya kuzuia kutu inayopitisha umeme, kisha funga. Pima kati ya kitako na bati: nataka chini ya miliomu 2.5. Mita ya kawaida haiwezi kusoma kiasi hicho. Azima mita ya miliomu. Mpira wa kuziba maji paka pembeni tu, kamwe usiupake katikati ya nyuso zinazogusana.

Waya wa antena wa zamani, RG-58, ng'oa wote uweke RG-400. Usiukunje kwa kona kali, wala usiulaze pamoja na nyaya za taa za kumetameta.

Hatua ya 5: Redio zisizibane masikio

Kwenye ndege ya amri hili ndilo gumu kuliko yote: mitambo mingi inarusha mawimbi kutoka mwili mmoja, na mmoja ukisema, jirani yake huziba. Kwenye ndege yenye redio mbili, weka antena moja juu na nyingine tumboni.

Usisahau GPS, inayosikiliza kwenye megahezi 1575.42. Redio ya sauti ikirusha, hutoa pia mawimbi hafifu kwenye masafa yake yaliyozidishwa mara mbili, tatu na kuendelea. Ukizidisha 121.175 mara 13 unapata 1575.275, 131.275 mara 12 inatoa 1575.3, yaani karibu kabisa na GPS. Kwa hiyo redio ya sauti inaweza kuiziba GPS. Sikiliza kwanza kama masafa yako wazi, kisha bonyeza kitufe cha kusemea kwenye 121.150, 121.175, 121.200, 131.250, 131.275 na 131.300, nusu dakika kila moja, ukiangalia kama setilaiti zinapotea kwenye kioo.

Hatua ya 6: Usizime zote kwa pamoja

Tangu tarehe 3 Februari 1961 hadi tarehe 24 Julai 1990, Wamarekani walihakikisha ndege moja ya amri ya kazi iliyoitwa Looking Glass iko angani muda wote. Ndege ilibadilishwa, wahudumu walibadilishwa, sauti haikukatika. Nami hufuata hivyo: nabadili redio namba mbili kwanza, ya kwanza naiacha ilivyo. Ndege ikiruka wiki nzima bila lalamiko, ndipo naigusa namba moja.

Hatua ya 7: Jaribu angani

Injini ikiwaka, washa vyombo kimoja kimoja ukisikiliza mlio kwenye hedifoni. Ukisikia mlio unaopanda na kushuka pamoja na injini, rudi kwenye ethi na altaneta. Kisha mwombe rubani aende juu ya bahari, azunguke akilalia kushoto halafu kulia huku akiongea na mnara, kwa kila redio. Upande ambao sauti inafifia, bawa au mkia unaifunika antena.

Andika vipimo vyote kwenye kitabu cha ndege. Kusi ikiisha, pima upya kitako cha antena, hata kama rubani anasema redio iko sawa.